Seoul Jumatatu hadi Jumatano: kundi la walimu kutoka Mwanza lianzie kasri lipi?

MwalimuPasiansi
Wakuu, habari za jioni. Katikati ya Oktoba tunatoka Mwanza, walimu wa historia na jiografia, kwenda mkutano Seoul. Mkutano unaisha Jumapili, ndege ya kurudi ni Alhamisi. Mimi nimepewa kazi ya kupanga matembezi na kuwaelezea wenzangu tunachokiona. Orodha yangu ni kasri la Changdeokgung Jumatatu, kasri la Gyeongbokgung na mtaa wa Bukchon Jumanne, halafu Jumatano mji wa Gyeongju kwenda na kurudi. Baadhi yetu ni watu wazima, magoti si ya kupanda sana. Wanaoijua Korea naomba mnirekebishe.

Kirumba_Ziwani
Mkuu, kabla ya lolote geuza hizo siku mbili za kwanza. Changdeokgung hufungwa Jumatatu, Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Kwa mpango wako mtakuta mageti yamefungwa siku mbili mfululizo. Anzeni na Gyeongbokgung.

Pandeni metro njia namba 3, shukeni kituo chenye jina la kasri hilohilo, mtokee mlango wa 5. Fikeni kabla ya saa 4 asubuhi, maana ndiyo saa ya walinzi kubadilishana zamu kwenye lango la Gwanghwamun. Mkichelewa, awamu nyingine ni saa 8 mchana. Kiingilio cha mtu mzima kimekuwa won 3,000. Aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, huingia bure, lakini iwe kamili, juu na chini. Koti la hanbok juu ya jinzi halihesabiki.

Kwa walimu wa historia: kasri lilijengwa 1395, likaungua 1592 Wajapani walipovamia, likabaki magofu hadi lilipojengwa upya 1867. Utawala wa kikoloni wa Japani ukabomoa tena sehemu kubwa. Waambie wenzako mapema kwamba mengi watakayoyaona ni ujenzi mpya uliofuata ramani ya zamani, wasije wakadhani kila nguzo ina miaka 600.

Sasa, pale ukumbi wa kiti cha enzi, Geunjeongjeon, watu hupiga picha ya paa na kuondoka. Waangalieni chini. Uwanja umetandikwa mabamba ya granaiti yaliyoachwa na uso wa kukwaruza, mwanga wa jua usiwarudie watu machoni. Kandokando ya njia ya katikati kuna safu mbili za vijiwe vilivyochongwa vyeo: maafisa wa kiraia walisimama mashariki, wa kijeshi magharibi, kila mmoja penye daraja lake. Tafuteni pia pete za chuma zilizopigwa sakafuni, zilikuwa za kufungia kamba za maturubai. Mtu aliyekulia kati ya miamba ya Mwanza atajua papo hapo jasho lililomwagika kwenye mawe yale. Viatu vya kisigino viacheni hotelini.

Mkiwa na muda, nyuma ya jengo la Jagyeongjeon kuna ukuta wa bomba la moshi wenye alama kumi za maisha marefu: jua, msonobari, kobe, korongo na nyinginezo. Hapo ndipo pa kueleza ondol, mfumo wa Kikorea wa kupasha sakafu joto. Moto huwashwa nje ya chumba, moshi hupita chini ya sakafu ya mawe na kuipasha, kisha hutokea kwenye bomba lililo mbali na nyumba.

Dada_Igoma
Naongezea Changdeokgung, ambalo kwangu ndilo zuri zaidi. Lilianza kujengwa 1405, na majengo yake yamefuata mteremko wa kilima badala ya kupangwa kwa mstari mmoja. Liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997. Bustani ya nyuma, Huwon, ina tiketi yake ya ziada yenye saa maalumu. Za mtandaoni hufunguliwa siku 6 kabla, saa 4 asubuhi ya Korea, yaani saa 10 alfajiri huku kwetu. Oktoba majani yanapoanza kugeuka rangi zinaisha haraka, kwa hiyo wekeni alamu. Nyingine huuzwa getini siku hiyohiyo, ila kundi zima kupata saa moja ni bahati.

Bukchon mnaweza kutembea kwa miguu kutoka hapo. Ni makazi ya watu. Kwenye eneo lililotengwa wageni wanaruhusiwa saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni tu, na tangu Machi 2025 kuna faini ya won 100,000. Maelezo yako yatoe kabla hamjaingia vichochoroni, mle ndani mpite kimya.

Nera_Juu
Gyeongju kwa siku moja na watu wazima? Sikushauri. Treni ya KTX ni kama saa mbili, kisha kituo kiko nje ya mji, basi hadi hekalu la Bulguksa, basi jingine mlimani hadi pango la ibada la Seokguram. Sanamu ya Buddha mle iko nyuma ya kioo, kwa sababu saruji ya ukarabati wa mwaka 1913 hadi 1915 ilileta unyevu uliokuwa unakula jiwe. Picha haziruhusiwi. Gyeongju inataka mlale.

Nendeni Suwon, metro njia namba 1, kama saa moja. Ngome ya Hwaseong ilijengwa 1794 hadi 1796, ukuta wake unazunguka karibu kilomita 6. Msianzie lango la kusini, Paldalmun, maana upande wa magharibi kuna ngazi kali. Anzieni lango la kaskazini, Janganmun, mshuke kuelekea Hwahongmun, daraja la matao saba linalopitisha kijito chini ya ukuta. Sehemu hiyo ni fupi na haichoshi.

Kitu cha kuwafundishia: kumbukumbu za ujenzi zilichapwa 1801, zikiwa na michoro, majina ya mafundi na malipo yao. Vita vya Korea vilipouharibu ukuta, ukarabati wa miaka ya 1970 ulifuata kitabu hicho.

MwalimuPasiansi
Nimebadilisha ratiba, asanteni sana. Usafiri wa ndani je? Na tuna Waislamu kwenye kundi.

Kirumba_Ziwani
Kila mtu anunue kadi yake ya nauli, T-money, dukani, aijaze kwa won taslimu, aigonge anapopanda na anaposhuka. Asiyeigonga akishuka basi anakosa punguzo la kuunganisha. Kwa ramani pakueni Naver Map kabla ya safari. Google Maps imekuwa dhaifu Korea kwa maelekezo ya kutembea. Waislamu wanapata chakula halali Itaewon, kuzunguka Msikiti Mkuu wa Seoul. Kwingine waulize hata kwenye supu ya mboga, mchuzi wake unaweza kuwa wa nguruwe.

Viza anzeni sasa, ubalozi wa Korea Kusini uko Dar.