Mjadala: Madaraja ya mbao yenye paa ya Marekani yafungwe, au yaendelee kupitisha pikipiki na magari?

Fundi Mbao (mwanzisha mada)

Wanajamvi, salaam. Vermont, New Hampshire, Pennsylvania na Indiana bado yapo madaraja ya mbao yaliyoezekwa paa na kuzibwa kando, mengi yakiwa ya karne ya 19. Waendesha pikipiki wa safari ndefu wanayapenda kupita kiasi: wengine huchora njia nzima kwa kufuata madaraja hayo, na kila moja likizolewa na maji au kuteketea, huzuni yao ni ya kufiwa. Ndipo hoja inapozuka: yaliyosalia yafungwe ili yatunzwe, au yaendelee kutumika?

Mimi nasema yatumike. Paa lile halikuwekwa kwa ajili ya msafiri. Liliwekwa kukinga kenchi za ubavuni, yaani fremu za mbao zilizounganishwa pande zote mbili, ndizo zinazobeba daraja. Kenchi ya mbao iliyoachwa wazi kwenye mvua na theluji huoza ndani ya miaka 10 hadi 20, lakini ikifunikwa vizuri huvuka miaka 150. Kwa hiyo adui wa kila siku ni maji, hasa pale ncha za boriti za chini zinapokalia ukuta wa mawe. Udongo unaoingia na magurudumu hujikusanya hapo, unashika unyevu, na boriti huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Daraja linalopitika hukaguliwa na kufagiliwa. Likifungwa, linatoka kwenye orodha ya barabara, bajeti inahama, na paa likianza kuvuja hakuna anayejua mpaka sakafu ilegee.

Bint Shaaban

Fundi, hoja ya kufagia naikubali, ila umeruka uzito. Madaraja haya yalikadiriwa kwa mkokoteni wa nyasi na kundi la ng'ombe. Gari la zimamoto la leo lina tani 15 na zaidi. Mji ukitaka daraja libebe gari hilo, mhandisi hana njia ila kubadilisha boriti au kuficha chuma chini ya sakafu. Tazama Cornish-Windsor, lile la mwaka 1866 juu ya mto Connecticut, lenye urefu wa mita 137 hivi. Katika matengenezo yaliyokamilika 1989, boriti zake za chini ziliwekwa mpya za mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Linapitisha magari, sawa, lakini mbao walizochonga mafundi wa 1866 zimepungua. Bora lifungwe libaki na mwili wake.

Fundi Mbao

Dada Bint, kufunga hakuzuii mto. Blenheim, jimbo la New York, lilijengwa 1855 na Nicholas Powers, likiwa na mruko mmoja wa takriban mita 64 usio na nguzo ya kati. Magari yaliacha kulipita tangu miaka ya 1930. Lilitunzwa kama alama ya taifa. Tarehe 28 Agosti 2011, kimbunga Irene kikalibeba lote kwa siku moja. Lililosimama pale sasa ni jipya.

Na hayo matengenezo ya Cornish-Windsor ndiyo yaliyolifanya liwepo. Mbao moja moja zimekuwa zikibadilishwa kwenye madaraja haya tangu yalipojengwa. Hakuna seremala wa zamani aliyedhani ubao wa sakafu utadumu karne.

Dereva wa Milimani

Nichangie upande wa pikipiki, maana humu watu wanasema "zipite" bila kusema zipiteje.

Pikipiki kubwa ya safari, ikiwa na dereva, abiria na mizigo, hukaribia nusu tani. Peke yake haisumbui daraja hata lenye kibao cha tani 3. Tatizo ni msafara. Pikipiki 7 zikisimama ndani pamoja ili watu wapige picha, mmeshafika tani 3 na nusu, mmevuka kikomo, na uzito wote umelala katikati ambapo boriti zinavutwa zaidi. Piteni mojamoja, picha pigeni nje.

Kingine ni sakafu. Mara nyingi kuna mbao za kukatisha chini, na juu yake mistari miwili ya mbao za urefu kwa ajili ya magurudumu. Kati ya mbao za urefu kuna nyufa. Tairi la pikipiki halizami humo, ila ukingo wa ubao ulioinuka hulisukuma tairi la mbele pembeni, na dereva akishtuka akageuza usukani ghafla, anaanguka. Chagua ubao mmoja ukae katikati yake, au pita katikati ya mistari yote miwili kama mbao za kukatisha ni nzima.

Mita 3 za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Mvua hupigwa hadi humo, matope ya barabarani huishia humo, na mwezi wa Oktoba majani yaliyolowa hutanda humo humo. Maliza breki ukiwa bado kwenye lami. Ingia gea ya pili, mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa, mafuta yasipande wala kushuka, breki ya mbele usiiguse. Na jua likiwa kali nje, macho huchelewa kuzoea giza la ndani: inua kioo cheusi cha helmeti kabla ya kuingia, maana kunaweza kuwa na mtu kwa miguu, na njia yenyewe ni moja tu.

Asubuhi za baridi sakafu huganda wakati barabara bado ni kavu, kwa sababu hewa inapita chini yake. Hili huwakuta hata wenyeji.

Mwana wa Kiwanda

Hakuna pikipiki iliyovunja daraja. Malori ya boksi ndiyo yanayovunja.

Bint Shaaban

Kweli kabisa, Mwana wa Kiwanda, na hilo ni moja ya sababu zangu za kufunga. Angalia Long Grove, Illinois: daraja la chuma la mwaka 1906 lililovikwa paa la mbao miaka ya 1970. Lilirekebishwa likafunguliwa tena 2020, na tangu hapo limegongwa mara nyingi mno, vibao na taa vikiwa vimewekwa. Lile lina chuma ndani, kwa hiyo lori ndilo linalochanika. Daraja la mbao tupu likigongwa hivyo, viunga vya juu vinavyozuia kenchi zisipinde hukatika, na hapo nyumba yote inalala upande.

Halafu kuna moto. Bridgeton, Indiana, la 1868, lilichomwa makusudi Aprili 2005. Cedar la Iowa lilichomwa 2002, likajengwa, likachomwa tena 2017. Mtasema nini?

Mzee Kenchi

Wajukuu, moto hauchagui daraja lililofungwa wala lililo wazi. Kinga yake inajulikana: dawa ya kuzuia moto kwenye mbao, ambayo hufifia na lazima irudiwe, waya wa kuhisi joto unaopita darini na kupiga kengele zimamoto, na mabomba ya kunyunyiza yanayokaa makavu, kwa sababu yakijazwa maji hupasuka majira ya baridi. Penye kipato kidogo, anzeni na waya.

Ninachotaka kusema hasa ni kuhusu lililopotea. Bartonsville, Vermont, lilikuwa na mita 46, la mwaka 1870. Irene haikulivunja kwa kulipiga. Mto Williams ulikula udongo nyuma ya msingi wa upande mmoja, msingi ukaondoka, daraja likaketi majini likiwa bado limeshikana. Wakajenga jingine, likafunguliwa Januari 2013, na wakalirefusha kufikia mita 51 hivi ili mto upate nafasi. Kenchi ni ileile ya kimiani ambayo Ithiel Town alipata hataza yake mwaka 1820.

Kenchi hiyo inarudiwa kwa urahisi kuliko nyingine, kwa sababu haihitaji magogo makubwa. Ni mbao za inchi 3 kwa 10 au 11, zinazopishana mshazari, na kila zinapopishana zinatobolewa na kupigiliwa vigingi vya mwaloni vyenye unene wa inchi 2 hivi. Pabaya ni hapa: kigingi kikiwa kibichi, kikikauka kinasinyaa, tundu linabaki na nafasi, na daraja linashuka katikati. Kigingi kiwe kikavu kuliko ubao. Tena kenchi iundwe ikiwa imeinuka kidogo katikati, kwa kuwa maungio yote hukaa sawa baada ya uzito kuingia. Fundi anayeiunda ikiwa nyoofu atakuwa na daraja lililozama ndani ya miaka michache.

Mwana wa Kiwanda

Lakini Mzee, lililojengwa 2013 si lile la 1870.

Mzee Kenchi

Si lile. Na anayelililia lile ana haki yake. Ila mkono uliotoboa matundu 2012 umejifunza kazi ya 1870, na utakapooza ubao wa daraja la jirani kuna wa kuutengeneza. Daraja la zege lisingefundisha mtu yeyote.

Bint Shaaban

Mzee, shikamoo. Hapo nalegeza: yenye kenchi nzima yapitishe magari madogo na pikipiki, malori yazuiwe kwa kizuizi halisi, si kibao. Ila nasisitiza, la asili ambalo limebaki na mbao zake nyingi za kwanza lisiguswe kwa ajili ya gari la zimamoto. Zimamoto wapewe daraja jingine kando.

Dereva wa Milimani

Basi kizuizi kiwekwe vizuri. Nguzo mbili na mhimili wa chuma ulioning'inizwa kwa minyororo, sentimita 15 chini ya kimo cha mlango wa daraja, na uwe kabla ya njia panda ya mwisho ambapo lori linaweza kugeuza. Ukiwekwa mlangoni, dereva wa lori anajikuta hana pa kurudi nyuma na anajaribu bahati yake.

Na wapanda pikipiki wanaolilia madaraja haya: Vermont, fedha za mji hupigiwa kura na wakazi kwenye mkutano wa Jumanne ya kwanza ya Machi. Mgeni hapigi kura. Anachoweza ni kuiandikia halmashauri kabla ya Januari, wakati bajeti bado inapangwa, akitaja daraja kwa jina, mbao zilizolegea alizoziona na upande zilipo, pamoja na risiti za mafuta na chakula alichonunua mjini hapo.