Tupeane uzoefu: umewezaje kumtolea Mungu kwa utaratibu bila kukumbushwa?

Mwalimu, Moshi vijijini
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Bahasha za ahadi tumeshapewa, kila mmoja na namba yake. Hapa usharikani kwetu (KKKT, yaani Walutheri) watu huandika ahadi ya watakachotoa kwa moyo mweupe, halafu ikifika Oktoba yanaanza matangazo ya kukumbushana. Naamini wengi wetu imani tunayo, tunachokosa ni utaratibu. Mimi mshahara ukiingia, kabla sijalipa hata deni la dukani, natuma sehemu ya Mungu kwenye namba ya usharika. Paulo aliwaelekeza Wakorintho vivyo hivyo: kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke kitu kando kadiri alivyofanikiwa, michango isingoje mpaka yeye afike. Ila mshahara una tarehe yake. Ninyi mnaouza, mnaolima, mnaoendesha boda, mnafanyaje?

Mama lishe, Mwanza
Amina, mwalimu. Hesabu yangu mimi ni ya kila jioni. Nikishafunga, namwaga pesa zote kwenye sinia. Kwanza natenga mtaji wa kesho: mchele, maharage, mafuta, mkaa. Kisha posho ya binti anayenisaidia kuosha vyombo. Inayobaki ndiyo faida, na fungu la kumi linatoka hapo, maana mtaji si ongezeko. Faida ikiwa elfu nane, mia nane inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga nililolitoboa kifuniko, na mwanangu wa darasa la tano anaandika daftarini. Mvua ikinyesha wateja wasije, haiingii kitu, na roho yangu hainisuti.

Ijumaa kabla jua halijazama nahamishia kwenye bahasha: zaka, yaani hilo fungu la kumi, mstari wake, sadaka mstari wake. Sisi Wasabato zaka haijengi jengo la kanisa la mtaa. Inapelekwa konferensi, yaani uongozi wa kanisa wa eneo, kutunza watumishi. Ujenzi tunauchangia kwa sadaka. Nilipoelewa pesa yangu inakwenda wapi, na risiti napewa, kutoa kukawa kwepesi kabisa.

Mkulima, Rungwe
Huku pesa taslimu ni ya msimu lakini ndizi zipo mwaka mzima, kwa hiyo mimi natoa ndizi. Kuna migomba tumeitenga nyuma ya nyumba, mkungu ukikomaa hakuna anayeugusa, watoto wanajua. Baada ya ibada unapigwa mnada pale nje: mayai, kuku, maboga, mkungu wangu. "Elfu sita! Nani saba?" Mtu anaununua kwa elfu tisa, kisha anasema, "Naurudisha, uuzwe tena." Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mara tatu na mwisho ukapelekwa kwa bibi mjane. Nikiona hivyo, Jumapili inayofuata nabeba tena kwa furaha.

Boda, Kibaha
Hesabu ya tajiri mwenye pikipiki kwanza, mafuta, halafu abiria wa kwanza baada ya hapo ni wa Bwana. Hela yake inaingia mfuko wa shati, haichanganyiki na nyingine. Basi.

Mama wa jumuiya, Songea
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki kadi ya zaka inajazwa jumuiyani, kwenye kikundi cha sala cha majirani, na kukutana kila wiki kunasaidia sana kutosahau. Shida yangu ni nyumbani. Mume wangu anaona ada ya watoto ndiyo zaka yetu. Nikitoa kimya kimya naona kama namwibia. Nikiacha, nakosa amani.

Mwalimu, Moshi vijijini
Milele amina, mama. Usitoe kwa kificho. Una kuku au bustani iliyo mkononi mwako? Anzia hapo, mwambie wazi kuwa hii ni yangu na Mungu, na ada isiguswe hata shilingi. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, baba yake atalichukia kanisa, na mimi sitamlaumu.

Mama lishe, Mwanza
Dada yangu, mimi wangu alikuwa hivyo hivyo. Nilimpa lile daftari alisome mwenyewe: mtaji, ada, chakula, zaka. Akauliza maswali mengi, nikayajibu yote. Siku hizi akirudi kazini anaweka chake koponi, ingawa kanisani bado haendi.

Mama wa jumuiya, Songea
Asante, wapendwa. Nina mayai ninayouza kila Jumamosi. Leo jioni naongea naye.