Tupeane uzoefu: mliofanya kazi kiwanda cha soda za chupa hadi siku lango lilipofungwa

Mama Keko (mwanzisha mada)
Habari zenu, ndugu zangu. Jana nilipita Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Barabara ya Pugu, nikaona vijana wa vyuma chakavu wanakata kwa gesi mashine ya kuoshea chupa niliyokaa karibu nayo miaka 16. Nilimwomba kondakta anishushe hapo hapo, nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka nikashindwa kutazama. Kiwanda kimefungwa wiki tatu tu zilizopita.

Nilikuwa mkaguzi. Chupa zikitoka kwenye maji ya moto yenye kostiki, dawa kali ya kusafishia, hupita mbele ya taa nyeupe, nasi tulikaa hapo kwa zamu fupi fupi, kwa sababu macho yakichoka huona chupa hata mahali pasipo na chupa. Nimetoa chupa zenye msumari, zenye mrija uliogandia chini, na siku moja yenye mjusi aliyekauka. Mbaya kuliko zote ilikuwa chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa, maana hiyo huonekana safi kabisa mbele ya taa, na ndiyo sababu tulikuwa na wenzetu ambao kazi yao ilikuwa kunusa. Tangazo la kufunga lilibandikwa Ijumaa, kando ya ratiba ya zamu. Tafadhali wenye kisa kama hiki waeleze yaliyowapata, hasa upande wa haki zao.

Zamu ya Usiku
Ni kweli tupu, dada. Nilinusa miaka mitatu, na hadi leo nikikaribishwa soda ya chupa naipitisha puani kwanza.

Mzee wa Chang'ombe
Wanangu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 soda ilikuwa ya kutafutwa. Sukari ilikuwa adimu, vizibo navyo viliagizwa kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, na mwenye harusi alihangaikia kibali ili apate kreti chache. Kiwanda kilivumilia miaka ile yote. Sasa sukari ipo na wanywaji wapo, lakini soda imehamia kwenye chupa ya plastiki, ambayo hairudi kiwandani, haioshwi, wala haihitaji mtu wa kuikagua mbele ya taa wala wa kupanga kreti za chupa 24. Kazi zenu zilikuwa katika ile chupa tupu inayorudi.

Mwana wa Mwanza
Shikamoo mzee. Umesema lililotupata na sisi.

Fundi Mitambo
Mada hii imenikumbusha usiku ambao nimekuwa nikikwepa kuusimulia. Ilikuwa wiki ya mwisho, na mafundi wa nje waliletwa kuondoa amonia, ile gesi kali ya kupoza, kwenye mitambo. Sisi tunaoijua mitambo ile tuliambiwa tukae pembeni. Majira ya saa nane usiku vali moja ilichomoka. Ukungu mweupe ulitambaa sakafuni, macho yakawaka, koo likafunga, na kila mtu akakimbilia lango kuu, ambalo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwa kuhofia wizi wa vifaa. Wakati mlinzi anahangaika na funguo, tukahesabiana na kugundua kwamba akina mama wawili wa ukaguzi walikuwa bado kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kijana mmoja mpakia kreti alilowesha shati lake kwenye beseni la maji, akajifunga usoni, akaingia. Alimtoa wa kwanza, akarudi, akamtoa wa pili huku akitapika. Wote wako hai, namshukuru Mungu.

Siku tano baadaye majina ya wanaolipwa yalisomwa uwanjani. Kijana yule, aliyefanya kazi pale miaka saba akilipwa kila Jumamosi mkononi, hakusomwa. Alikuja kuniuliza kama nimelisikia jina lake, labda limempita.

Binti Vingunguti
Nimelia. Mama mmoja kati ya wale wawili ni jirani yangu.

Dereva Lori
Pole, fundi, lakini amonia ni nyepesi kuliko hewa. Mngelala chini ingewapita juu.

Fundi Mitambo
Ndugu yangu, usimfundishe mtu jambo la kumuua. Ikivuja ikiwa baridi sana hutambaa chini kama ukungu, nasi tuliiona kwa macho. Mtu hukimbilia upepo unakotoka, basi.

Katibu wa Tawi
Turudi kwenye haki. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na kikomo ni miaka 10. Mama Keko, miaka yako 16 itahesabiwa 10, yaani siku 70.

Mjukuu wa Temeke
Huo ni uongo. Baba yangu alilipwa mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka.

Katibu wa Tawi
Sipendi kuitwa mwongo. Huenda baba yako alikuwa na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, uliozidi kiwango cha sheria. Siku 7 ndicho kiwango cha chini.

Mjukuu wa Temeke
Niwie radhi, katibu. Nimeipata barua yake, na mkataba huo umetajwa.

Mwana wa Mwanza
Ushauri wangu ni kupokea kinachotolewa, kusaini na kufungua genge. Kesi ilinila miaka.

Zamu ya Usiku
Msisaini kitu! Nendeni kwanza NSSF mkaulizie fao la kukosa ajira.

Katibu wa Tawi
NSSF nendeni, lakini kuna muda unaokimbia. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mkichelewa itabidi muombe kibali na kueleza sababu. Wiki tatu zimeshakwenda. Kuhusu yule kijana, Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, hata kama hana karatasi. Anahitaji ushahidi kwamba alikuwapo kazini.

Mama Keko
Wasimamizi waliandika kila zamu kwenye daftari la jalada gumu, vibarua wakiwemo. Ofisini yamebebwa yote. Kuna yeyote aliyebaki na moja?

Dereva Lori
Ninalo. La zamu ya jioni, miezi minne ya mwisho. Nililiokota kwenye takataka siku ya kufunga kwa sababu kurasa za nyuma zilikuwa tupu, na mwanangu ameshaandika hesabu zake humo. Majina yako mbele na yanasomeka. Fundi, mwambie kijana tukutane kesho saa nne asubuhi kituo cha TAZARA.

Fundi Mitambo
Nimempigia. Atakuja.