Mrejesho: mpangaji wa miezi 5 ametoka

Wadau, nawarudia. Niliomba ushauri kuhusu mpangaji wangu wa Mbagala aliyekaa miezi 5 bila kulipa kodi. Wengine mlisema nipige kufuli. Nashukuru sikuthubutu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alinionya kwamba kesi ingenigeukia mimi. Nilimpa notisi ya siku 30 kwa maandishi, akasaini mbele ya mwenyekiti.

Ametoka Jumamosi. Kodi, 450,000, sijaona hata senti. Bili ya maji kaniachia, mlango wa choo umeng'oka bawaba. Kitasa, fundi na rangi vimekula 180,000 nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni mwanawe wa darasa la pili, kashika ndoo ya vyombo, ananiambia "shikamoo bibi". Niliingia ndani nikalia. Deni nimemsamehe.