Vali ya baba inavuja baada ya TAVI: kusubiri, puto, kiziba au vali ya pili?

BintiPemba
Wapendwa, baba yangu ana miaka 81, tuko naye London. Mwezi wa tatu aliwekewa vali mpya ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kwa katheta (mrija mwembamba) kupitia mshipa wa paja; ndiyo TAVI. Wiki za mwanzo alipanda ngazi bila kusimama. Sasa hafiki nusu, na usiku analalia mito mitatu. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, imeonyesha damu inarudi pembeni ya vali, kiwango cha wastani. Tumetajiwa njia nne: kusubiri, kuitanua kwa puto, kuziba tundu, au kuweka vali ya pili ndani ya hii. Aliyepitia haya anisaidie.

MuuguziKatheta
Pole sana dada. Niko chumba cha katheta huku Ujerumani. Waulizeni kwanza damu inapita wapi, na kwa nini. Vali hii haishonwi, inajibana tu ndani ya ile ya zamani, na penye kalsiamu ngumu hubaki upenyo. Kama haikutanuka vizuri, puto linafaa, na mara nyingi hufanywa palepale siku ya kwanza. Lina hatari zake: pete ya aota inaweza kupasuka, au chembe za kalsiamu zikapanda ubongoni. Kama vali imekaa juu mno au chini mno, puto halisaidii, hapo ndipo vali ya pili inapofaa. Ikiwa imekaa sawa ila pana tundu moja pembeni, kiziba.

MzeeKilifi
Mimi nilisubiri, mwanangu. Yangu ni ya nitinoli, madini yanayorudia umbo lake, inajitanua yenyewe, na daktari aliniambia huendelea kujisukuma polepole. Baada ya miezi sita uvujaji ulikuwa umepungua. Lakini wangu ulikuwa mdogo, na pumzi haikunisumbua hata siku moja.

DktSalma
Shikamoo mzee. Hapo mwisho ndipo tofauti ilipo. Matokeo ya miaka miwili ya PARTNER, utafiti wa vali hizi za katheta, yaliyotoka 2012, yalionyesha kuwa hata uvujaji mdogo uliambatana na vifo zaidi. Uvujaji wa wastani pamoja na kubanwa pumzi si wa kuachwa hivi hivi.

BintiPemba, kiziba ni wavu mdogo wa nitinoli unaopitishwa kwa waya hadi kwenye tundu. Kalsiamu ikiwa nyingi, waya unaweza kukataa kupita. Pia tundu likizibwa nusu, damu hupita kwa kasi na chembe nyekundu huvunjika. Kabla ya yote wahakikishe vali haina maambukizi, maana yakiwepo kiziba hakiwekwi. Nafasi ya vali wataipima kwa CT na kwa eko ya kupitia koo. Kufungua kifua kupo pia, ila kwa miaka 81 ni mzigo mkubwa.

BintiPemba
Asante daktari. CT ni Alhamisi. Homa hana. Ila umesema chembe kuvunjika: mkojo wake siku hizi kama chai ya rangi, na macho yana umanjano. Nilidhani ni vidonge.

DktSalma
Hizo chembe huenda zinavunjika tayari, hata kabla ya kiziba. Usingoje Alhamisi. Piga simu kliniki ya moyo sasa, wamcheki wingi wa damu leo.

BintiPemba
Nimepiga. Wamesema tumlete. Tunatoka.