Mjadala: Tuzuie safari za kazi Ghuba, au tuwashtaki mawakala wa ajira kama wasafirishaji wa binadamu?

Kila jeneza la Mkenya linapofika uwanja wa ndege wa JKIA kutoka Saudia, hapa Nairobi tunarudia hoja mbili. Kuna wanaotaka serikali ipige marufuku kazi za ndani Ghuba, na kuna wanaosema hao walikwenda kwa hiari yao, hakuna aliyewalazimisha. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Marufuku tumeshaijaribu. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa ndani Mashariki ya Kati, ikalegeza 2017. Katikati hapo watu hawakuacha kwenda. Walivuka mpaka wa Busia kwa basi la usiku, wakapandia ndege Entebbe, Uganda, na wakala aliyekuwa na ofisi inayojulikana mjini akabaki nambari ya simu tu, leo inaita, kesho haipatikani.

Hoja ya hiari ndiyo inayoniuma zaidi. Binti wa jirani yangu hapa Umoja aliambiwa anakwenda Riyadh kuwa keshia wa supamaketi. Mama yake alikopa kwenye chama cha kuweka akiba ili alipie pasipoti na vipimo vya hospitali. Mkataba alikabidhiwa uwanja wa ndege, foleni ya mizigo inasonga, akaonyeshwa kwa kidole: weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Kurasa za Kiarabu hakusomewa na mtu. Alipofika akakuta ni kazi ya ndani, nyumba ya orofa tatu, na pasipoti yake ikaingia kabatini kwa mwajiri. Huko kwenyewe sheria ya kazi ya Saudia haiwahesabu wafanyakazi wa ndani, na hata mageuzi ya 2021 yaliyowarahisishia wageni wengi kubadilisha mwajiri yaliwaacha nje. Sasa niambieni, hiari ya binti huyu ilikuwa ya kitu gani?

Sheria yetu imeshalijibu swali hilo. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji wa Binadamu ya 2010 inasema kwamba mtu akipatikana kwa udanganyifu ili anyonywe, kukubali kwake si kinga ya mshtakiwa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni maisha. Na Katiba, kifungu cha 30, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Lakini familia ikienda kituoni, malalamiko yanaandikwa kama ugomvi wa pesa. Kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu lina kifungo cha hadi miaka 3 tu, na wakala akirudisha nauli, mambo yote huisha kienyeji. Mama wa yule binti aliambiwa hivyo hivyo: mama, hii mngeelewana tu.

Najua wapo mawakala waaminifu, na najua pesa za Saudia zimejenga nyumba za mawe na kulipa karo vijijini. Hao waaminifu hawana la kuogopa: mkataba usomwe wiki kadhaa kabla ya safari, kwa lugha ambayo mtu anaielewa, nakala ibaki nyumbani kwao. Anayeficha mkataba mpaka uwanja wa ndege ana sababu ya kuuficha. Na ile nafasi ya kulipa faini bila kufungwa ningependa Bunge liifute, maana mwenye biashara hii atazipata hizo milioni.

Tujiangalie na sisi pia. Kuna nyumba Kilimani, na kuna nyumba hapa hapa Umoja, ambamo msichana wa kazi amenyang'anywa kitambulisho ili asitoroke, na mshahara wa miezi "umewekwa" na mama mwenye nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 4, inakataza kazi ya kulazimishwa: faini hadi shilingi 500,000 au miaka 2 jela. Ni nani kati yetu amewahi kumripoti jirani?

Mawakili na maafisa mlioshika kesi hizi, nataka kusikia kwenu: kinachokwamisha shtaka la usafirishaji ni ushahidi, ni mashahidi kukata tamaa, au ni uamuzi unaofanyika pale kaunta ya polisi? Na mnaounga mkono marufuku, mtawaambia nini walio tayari kupitia Busia?