Kikundi cha Familia: Sahani ya Mama

Da Mkubwa: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Majibu ya Mama yametoka. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi mitatu kimesoma asilimia 8.1. Dawa hazijaongezwa, tumeambiwa turekebishe chakula. Naomba tukubaliane hapa, maana kila anayeingia jikoni anampikia anavyojua.

Shangazi: Marahaba. Poleni wanangu. Mie nasema anywe binzari manjano asubuhi na jioni, wanasema inapunguza uvimbe wa ndani.

Kaka: Shikamoo Shangazi. Binzari ya kwenye mchuzi haina neno. Ya kunywa kwa wingi, au vidonge vyake, tusimpe bila kuuliza. Mama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na hivyo viwili vinaweza kugongana.

Shangazi: Haya baba. Ila huo uvimbe na sukari vinahusianaje?

Kaka: Mafuta yanayozunguka viungo vya tumboni hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa chinichini, hauonekani wala hauumi. Uvimbe huo unaifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa, sukari inabaki kwenye damu. Nayo sukari ikikaa juu, inauchochea uvimbe zaidi. Ndiyo maana sitegemei kiungo kimoja, nataka tubadilishe sahani nzima.

Da Mkubwa: 📷 Picha
Sahani yake ya jana mchana hiyo. Wali umefika ukingoni, mboga vijiko viwili pembeni, na glasi ya juisi ya machungwa.

Kaka: Tuigeuze. Nusu ya sahani mboga, robo samaki au maharage, robo wali. Aanze na mboga na samaki, wali aumalizie mwisho, sukari haitapanda kwa kasi. Badala ya juisi ale chungwa lenyewe, lina nyuzinyuzi.

Mama: Nami nimo humu nasoma. Sitaki kupikiwa sufuria yangu peke yangu kama mgonjwa.

Da Mkubwa: Hapana Mama. Sufuria ni moja, tunakula wote. Hata watoto.

Mama: Hapo sawa.

Mjomba: Basi samaki niachieni mimi. Aina gani?

Kaka: Wenye mafuta, kama sadini, mara mbili kwa wiki. Wachemshwe au waokwe, wasizamishwe kwenye mafuta.

Da Mkubwa: Jumatatu dengu na mboga za majani. Jumanne samaki, nyanya na vitunguu kwa wingi. Jumatano maharage na kabichi. Karanga zisizo na chumvi, kiganja kimoja, badala ya biskuti za saa kumi. Nani ana la Alhamisi?

Mama: Kabla ya Alhamisi, nijibuni. Nikipunguza wali na vidonge vya sukari ni vilevile, si nitaanza kutetemeka?

Kaka: Umeuliza la maana kuliko yote, Mama. Inawezekana, vidonge vyako vinashusha sukari. Kesho asubuhi nampigia daktari, usipunguze wanga mpaka anijibu. Na wakati wowote ukitetemeka au ukitoka jasho jembamba, pima. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa nusu glasi ya juisi, ngoja dakika 15, upime tena.

Da Mkubwa: Kwa hiyo juisi isiishe kwenye friji, ila ni ya kazi hiyo tu. Watoto nitawaambia mimi.

Mjomba: Nami samaki nawaleta daktari akishajibu. Mama, Alhamisi unatamani nini?

Mama: Kuku, na mboga iwe nyingi.